Mwaka Ambao Kitabu cha Njia Kilisema Kulia

Saa tatu na dakika kumi na tisa asubuhi, gari namba saba lilifika kwenye kituo changu cha kupimia muda likitokea mgongoni mwangu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya ua wa kanisa moja, mbele kidogo ya Ngoliba, nikiwa na meza, saa mbili na kalamu tatu. Magari matano yalikuwa yameshapita, yote yakitokea mbele yangu, upande wa mtoni, kama nilivyopanga. Namba sita halikuanza safari siku hiyo kwa sababu betri yake ilikuwa imelala. Namba saba lilipaswa kufika saa tatu na dakika nane. Nilikuwa nimekaza macho upande wa mto nikilingoja, ndipo nikasikia honi nyuma. Nikageuka. Pijo 404 ya rangi ya chai ya maziwa, vumbi hadi kwenye vioo, na ndani yake mume na mke ambao hawakuwa wakitazamana.

Ninyi vijana mnaopokea kazi hii kutoka kwangu mmeniomba niwaandikie historia ya mashindano yetu ya magari ya zamani, pamoja na orodha ya washindi. Orodha ni kazi ya dakika mbili: imechongwa kwenye kikombe, nendeni mkaisome. Kile ambacho kikombe hakisemi ni namna kila mmoja alivyoshinda, na asiyejua hilo hawezi kupanga njia wala kupima muda. Kwa hiyo nitawaeleza nikirukaruka kidogo, kisha nitarudi kwa namba saba, maana ndilo gari lililonifundisha zaidi.

Kila mwaka huja mtu mpya anayedhani haya ni mashindano ya mbio. Si mbio. Gari lenye umri wa babu yako halikimbizwi. Tunampa kila dereva kitabu cha njia, na kila kipande cha njia kina mwendo wake wa wastani. Ukichelewa kituoni dakika moja, unaandikiwa pointi moja. Ukiwahi dakika moja, unaandikiwa mbili. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo mkiona dereva ameegesha mita mia moja kabla ya kituo, anakula ndizi na kutazama saa, msimwonee huruma. Anajua anachofanya.

Mshindi wetu wa kwanza kabisa alikuwa mkulima wa kahawa aliyekuja na pikapu. Wenzake walitoka Thika kama watu wanaokwenda kuzima moto. Yeye aliendesha polepole hata watoto wa shule wakampungia mikono, wakidhani ni gari la kwanza la msafara wa harusi. Alipofika mwisho akiwa na pointi tatu tu, tulimuuliza siri yake. Akafunua turubai nyuma. Kulikuwa na trei kumi na mbili za mayai.

"Mama watoto aliniambia nikimaliza niyapeleke kwa mteja Ruiru," alisema. "Sasa ningekimbiaje?"

Mwaka uliofuata watu watatu walikuja na mayai. Wawili walimaliza bila mayai, na wa tatu hakumaliza. Kikombe kilichukuliwa na daktari wa meno aliyepiga hesabu zake zote za mwendo usiku wa kuamkia safari na kuzibandika kwenye dashibodi. Baada yake akaja Gitau, muuza vipuri wa Ruiru, na Datsun ya buluu na mdomo usiofungwa. Gitau alishinda mara mbili mfululizo. Anaijua kila barabara ya upande huu, kwa sababu kabla ya vipuri alikuwa akinunua matikitimaji kwa wakulima wa Ngoliba na kuyauza mjini.

Katika miaka yote hiyo mitatu, ya daktari na ya Gitau, wa pili alikuwa mtu yuleyule: Mzee Kamande wa Gatongora, dereva mstaafu wa basi, huku mkewe, Mama Njoki, akimsomea kitabu cha njia. Gitau alimbandika mzee jina la Makamu.

"Makamu wa Rais, umeamkaje?" alikuwa akimwambia kila asubuhi ya mashindano, akimpigia saluti.

Watu walisema kosa ni la msomaji. Mzee anaendesha vizuri, walisema, ila mama anasoma kila mstari kama anasoma Zaburi kanisani, na dakika zinapotea hapo. Mama Njoki aliyasikia hayo sokoni, akayasikia kwenye chama chake cha wanawake, na aliyasikia zaidi nyumbani. Mwaka wa namba saba, mzee alikuwa ametangaza kwamba anaendesha mara ya mwisho. Macho yake yalikuwa yamechoka. Ilimaanisha kwamba mkewe alikuwa na safari moja tu iliyobaki ya kuonyesha kwamba anajua kusoma njia. Kila mtu alilijua hilo, mimi nikiwemo.

Sasa machache kuhusu kazi yenyewe. Mimi nilikuwa karani wa saa za kazi katika kiwanda cha nguo hapa Thika. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi, na ndiyo sababu watu wa magari bado wananiita Karani. Kupima njia sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kwa dereva mmoja mzee wa malori aliyenipeleka njia nzima mara ya kwanza. Nilipoandika "pinda kwenye mti mkubwa," alinipokonya kalamu.

"Huo mti mwaka ujao utakuwa makaa," alisema. "Andika kitu ambacho mvua haiwezi kukibeba wala mtu hawezi kukiuza."

Sikumsikiliza vya kutosha. Mwaka mmoja niliandika "kioski cha kijani." Wiki moja kabla ya mashindano mwenye kioski alikipaka rangi nyekundu, na magari manane yakapita pale yakitafuta kijani hadi karibu na Garissa Road. Tangu siku hiyo naandika madaraja, nguzo za mawe na makutano yenyewe. Matuta ya barabarani siyaandiki kabisa. Watu huyajenga Jumamosi na kuyachimbua Jumatatu.

Pimeni njia kwa gari moja, na upepo uleule kwenye matairi. Mimi niliwahi kupima nusu ya njia Jumatatu matairi yakiwa laini, na nusu nyingine Alhamisi baada ya kuyajaza. Kipande cha Ruiru kilitofautiana na mita za magari ya madereva kiasi kwamba Gitau aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi ninauza ploti. Na saa zenu ziwekeni sawa kwa mlio wa redio, wote mkiwa pamoja, si kila mtu kwa simu yake.

Msaidizi wangu kwa miaka mingi alikuwa Nekesa, ambaye alitoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani na akabaki, anaishi mtaa wa Landless. Yeye ndiye aliyechapa kitabu. Tulikuwa na utaratibu: mimi naendesha na kutaja, yeye ameketi kando yangu anaandika. Kitabu chetu kilitumia herufi za Kiingereza, L ya left, yaani kushoto, na R ya right, yaani kulia, kwa sababu ndivyo tulivyovikuta vitabu vya waliotutangulia. Kwa utaratibu huo hatukuwahi kukosea kona hata moja, na mimi niliamini sababu ni umakini wangu.

Mwaka wa namba saba, siku mbili kabla ya mashindano, watu wa mabomba ya maji walichimba mtaro katikati ya njia yangu karibu na Ngoliba. Nilikwenda peke yangu Ijumaa, nikapata njia nyingine. Kwenye makutano fulani, badala ya kwenda moja kwa moja, magari yangepinda kushoto, yateremke kando ya mto, yafike kanisani. Upande wa kulia pia unafika kanisani, ila unazunguka mashamba ya katani kilomita sita zaidi na kuingia kutoka nyuma. Niliandika L kwenye daftari langu. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na Nekesa alikuwa tayari kwenye mashine ya kuchapa, nikafanya jambo ambalo hatukuwa tumelifanya hata mara moja. Nilimtajia kona hiyo kwa simu.

Turudi basi kanisani.

"Mama Njoki, mmetokea wapi?" niliuliza.

"Tumetokea kitabu kilipotutuma."

"Nilimwambia!" Mzee Kamande alipiga usukani. "Alama za matairi zote zimeenda kushoto. Magari matano, nimeziona kwa haya macho mabovu! Yeye ati kulia, kulia, kulia."

"Kitabu kimesema kulia."

"Kitabu ulikuwa umekishika kichwa chini!"

Mama Njoki alinyoosha kitabu kupitia dirishani. "Karani, fungua ukurasa wa tisa."

Sikufungua. Hapa ndipo ningependa mtulie mnisome vizuri. Sheria inasema kituoni hakuna mabishano. Afisa anaandika saa, na malalamiko yanapelekwa kwa waamuzi mwisho wa safari. Ni sheria nzuri, na mimi nilijificha nyuma yake. Haikunikataza kutazama ukurasa mmoja.

"Hakuna haja, mama," nilimwambia. "Hicho kitabu nimekitunga mimi."

Nikamwandikia pointi kumi na moja za kuchelewa, na ishirini za kuingia kituoni kwa upande usio wake. Aliisoma kadi yote, mstari kwa mstari, kama kawaida yake.

"Haya, Karani," alisema. "Tutaonana Gatongora."

Magari saba yaliyofuata yalitokea mtoni, moja baada ya jingine, nami nikazidi kuwa na uhakika. Sikujua kwamba yote yalikuwa yakifuata alama za matairi ya Gitau, na Gitau alikuwa akifuata kumbukumbu za matikitimaji.

Mwaka huo safari iliishia kwenye uwanja wa shule huko Gatongora, nyumbani kwa akina Kamande. Majirani walikuwa wamejaa: watu wa kanisa lao, wanawake wa chama chake, hata mwenye duka alikuwa amefunga. Saa saba na nusu nilibandika matokeo ukutani. Gitau wa kwanza, pointi kumi na moja. Namba saba lilikuwa la mwisho kati ya magari kumi na matatu, pointi arobaini.

"Makamu!" Gitau alipaza sauti. "Leo umejiuzulu hata umakamu?"

"Muulize huyu," Mzee Kamande alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidole. "Mimi ni dereva tu. Nikiambiwa pinda, ninapinda."

Watu wakacheka, majirani wake mwenyewe. Mama Njoki alifungua mkoba, akatoa noti tano za elfu moja, na kuanza kutembea kwenda kwenye meza ya waamuzi. Kwa sheria yetu anayepinga matokeo huweka shilingi elfu tano ndani ya nusu saa, na akishindwa hazirudi.

"Wanjiru!" mzee alimwita mkewe kwa jina, akimfuata. "Hizo si za mbolea?"

"Ni za mbolea."

"Na mahindi je?"

"Mahindi yatangoja. Yamezoea."

Mwamuzi mkuu alikuwa Madam Atieno, wakili wa Nairobi, mtu asiyependa maneno mengi. Alipokea pesa, akafungua kitabu cha Mama Njoki ukurasa wa tisa, akakigeuza ili wote tukione. Herufi ilikuwa R, nyeusi, imechapwa vizuri. Akachukua kitabu cha Gitau. R. Akachukua cha daktari wa meno. R.

"Kuna aliyeiona hii njiani?" aliuliza.

Gitau alikuna kichwa. "Mimi niliiona, madam. Lakini ni kazi yangu kumsahihishia Karani?"

"Karani, daftari lako."

Nilifungua daftari langu. L. Niliinua juu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kwa hivyo kosa liko katikati," Madam Atieno alisema, na watu wote wakamgeukia Nekesa.

"Mimi niliandika vile alivyosema kwa simu," Nekesa alisema.

Lugha ya mama yangu haina sauti ya L. Hilo nililisoma baadaye. Nitaandika hapa nilichosema kama wao walivyokisikia. Masikioni mwangu mimi lilikuwa neno sahihi kabisa.

"Nilisema reft," nilisema.

Madam Atieno aliinua kichwa.

"Ulisema nini?"

"Reft, madam. Wazi kabisa. Mara mbili."

Nekesa alifunika mdomo kwa mkono. Madam Atieno alimsogezea karatasi. "Andika herufi ya kwanza ya neno ulilolisikia sasa hivi."

Nekesa akaandika, akainua karatasi. R.

"Lakini nimesema reft!" nililalamika. Niliona ninaonewa.

Hapo Mzee Kamande, ambaye dakika tano zilizopita hakuwa na rafiki hata mmoja pale, alijitokeza kunitetea. "Mheshimiwa, mimi niko hapa na masikio yangu mawili. Karani amesema reft. Hata mimi nimesikia reft."

Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Mwenye duka alikaa chini kwenye nyasi. Wanawake wa chama walishikana mabega. Na waliocheka zaidi ni Wakikuyu wenzangu, baada ya kujaribu neno hilo midomoni mwao na kujisikia. Mzee Kamande aliendelea kuuliza, "Ni nini? Si amesema reft?" na kila akisema, kicheko kinaanza upya.

Nilipata jibu la miaka yote hiyo pale pale. Tulipokuwa garini pamoja, Nekesa hakuwa akisikiliza ulimi wangu. Alikuwa akitazama mkono wangu unapoonyesha.

Madam Atieno alingoja watu watulie. "Kitabu ni sheria ya safari," alisema. "Aliyekifuata hawezi kuadhibiwa. Ambao hawakukifuata hawawezi kuadhibiwa kwa kosa la aliyekitunga. Kipande hicho kinafutwa kwa wote." Alipiga hesabu kwa kalamu. Gitau hakuwa amepoteza pointi kwenye kipande hicho, kwa hiyo alibaki na kumi na moja. Namba saba, likiondolewa zile thelathini na moja nilizoliandikia, lilibaki na tisa. "Mshindi ni namba saba. Mama, chukua pesa zako."

Gitau alivua kofia. "Mama, leo umenishinda bila hata kunipita."

"Kesho soma kitabu, mwanangu," Mama Njoki alimjibu. "Kiko na maneno."

Mzee Kamande alisimama kando ya gari, akisugua taa kwa mkono wa shati. "Lakini si nilipinda?" alimwambia mkewe. "Uliposema kulia, si nilipinda?"

"Ulipinda ukinung'unika."

"Lakini nilipinda."

"Ulipinda," Mama Njoki alisema. "Hiyo nakupa."

Nilikwenda kumwomba Mama Njoki msamaha, nikamweleza habari ya simu na ya kukataa kufungua kitabu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ya ulimi nimekusamehe, Karani," alisema. "Hata wangu uko hivyo. Ya kukataa kufungua kitabu, hiyo bado naifikiria."

Mwaka uliofuata tuliacha herufi za Kiingereza. Ndiyo maana kitabu mnachokipokea kimeandikwa kushoto na kulia, maneno kamili. Mimi bado husema "kuria," na hakuna mtu aliyewahi kupinda kushoto kwa sababu hiyo. Tena anayeandika lazima amsomee aliyetaja, kabla simu haijakatwa. Ninyi mna setilaiti na ramani zinazoongea, nami nazipenda, zimenipunguzia vumbi. Lakini dereva bado atapokea kile alichoandika mtu, na siku mtu atakaponyoosha kitabu dirishani na kusema fungua ukurasa wa tisa, fungueni. Inachukua sekunde nne. Nimepima.

Limebaki moja. Kikombe kilipoletwa mezani siku hiyo, Mama Njoki alikizungusha akisoma majina yote. Mkulima, daktari, Gitau, Gitau. Madereva watupu.

"Na aliyesoma?" aliuliza.

Madam Atieno alipekua sheria, akasema hakuna inayokataza. Mweka hazina akasema bajeti ya kuchonga ilikuwa ya jina moja. Nikasema la pili nitalilipia mimi, na hakuna aliyenibishia.

Jumatatu nilikipeleka kikombe kwa fundi wa kuchonga mjini Thika. Yeye hulipisha kwa herufi. Nafasi kati ya maneno ni bure. Aliniambia nitaje jina. Nikakataa, nikaomba karatasi, nikaliandika kwa herufi kubwa, nikampa, nikamwambia anisomee. Akasoma: Lydia Wanjiru Kamande. Herufi kumi na tisa, shilingi themanini kila moja. Kona ile ya Ngoliba ilinigharimu shilingi elfu moja mia tano na ishirini.